Maswali ya Wasomaji: "Mkitoka" Ni Neno la Wingi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha watu tisa tunaopenda kutembea mapangoni. Mwezi ujao tunataka kuingia pango moja ambalo kijito kinaingilia mdomoni na kuteremka hadi ndani kabisa. Mwenye ardhi ametukubalia, ila ametupa karatasi ya masharti. Mengi hayana tatizo. Yanayotutatiza ni haya: tusizidi sita kwa safari moja, tusiingie "ikiwa kuna mvua", ufunguo wa lango uwe umerudi mkononi mwake kabla ya saa 12 jioni, mbao za kuchepusha maji pale mdomoni "ziondolewe mkitoka", na huko ndani, mahali ambapo dari imeinama karibu iguse maji, kuna ukuta mdogo wa mawe wa kuhifadhia maji yanayochotwa, nao "uachwe wazi". Tumefikiria kugawanyika mafungu mawili, wanne na watano, tuingie siku hiyohiyo. Wenzangu pia wanauliza: kama maji yanachepushwa, mvua inatuhusu nini? — *Katibu mwenye mashaka*

JIBU: Marahaba, katibu. Nianze na hilo la mafungu mawili, maana ndilo lililonifanya niisome barua yako mara mbili.

Miaka mingi iliyopita nilifanya hivyohivyo. Tulikuwa wanane, tukaingia wanne wanne, fungu la pili likitufuata baada ya saa nzima. Mimi nilikuwa kiongozi wa fungu la kwanza, na karatasi yetu ilikuwa na sentensi kama ya kwenu: mbao ziondolewe mkitoka. Tulitoka tumelowa chapachapa, meno yanagongana, na mimi, mtu wa kufuata masharti, nikaenda moja kwa moja kwenye mbao. Zilikuwa tatu, zimelaliana moja juu ya nyingine ndani ya mfuo wa saruji. Ya juu ilitoka kwa urahisi. Ya pili ilikuwa imevimba, nikaipiga teke. Ya tatu ilipong'oka, dimbwi lote lililokuwa nyuma yake likaporomokea pangoni, na kijito kikafuata. Nikageuka kutafuta viatu vyangu vikavu. Wenzangu walikuwa wameshavaa vyao. Pale kwenye nyasi zilikuwa zimebaki jozi tano.

Kuzirudisha mbao maji yanapokuwa yanapita si sawa na kuziweka kabla hayajapata kasi. Ubao unaelea, unapinda, unakuponyoka na kukugonga goti. Sote wanne tulihangaika nusu saa. Wenzetu huko chini walisikia ngurumo kabla hawajaona maji, wakapanda kwenye ukingo wa mwamba, wakakaa wamebanana mpaka yakapungua. Dakika kumi kabla ya hapo walikuwa wamelala chali katika ile sehemu ya chini, pua zinagusa dari. Mmoja wao hakunisemesha siku ile, wala sikumlaumu.

Kwa hiyo mnaposoma "mkitoka", msome kwa makini. Neno hilo ni la wingi. Halisemi "ukitoka". Maana yake ni nyote, wa fungu la kwanza na la pili, pamoja na kundi lolote jingine ambalo huenda limepewa ruhusa siku hiyo. Tangu siku ile ninatumia ubao mdogo wenye misumari, ninautundika kando ya mbao za maji zenyewe, si langoni wala garini. Kila anayeingia anatundika kitu chake: kitambaa, saa, hata soksi. Akitoka anakichukua. Msumari mmoja ukiwa bado na kitu, hakuna anayegusa mbao, hata kama jua linazama na mwenye ufunguo anapiga simu.

Na ushauri wangu hasa ni kwamba msigawanyike siku moja. Waingie sita, watatu wabaki juu. Siku nyingine wabadilishane. Mwenye ardhi akiandika sita anakuwa amefanya hesabu ya muda wa watu kupita mahali pembamba, na nitakuonyesha hesabu hiyo hapa chini. Hao watatu wa juu nao wana kazi, tena kazi nzito. Watakaa kwenye mbao.

Hapo ndipo linapokuja swali la wenzako. Watu wengi wanachanganya kuzuia maji na kuyachepusha. Chukua kijito chenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 10. Tupa jani, pima: likienda mita 3 kwa sekunde 10, maji ya juu yanakwenda sentimita 30 kwa sekunde. Ya chini yanakokota kwenye mawe, kwa hiyo punguza kidogo. Unapata kama lita 15 kila sekunde. Kijito hicho unakiruka bila hata kukunja suruali, lakini kwa saa nane kinapitisha lita zaidi ya 400,000. Hakuna mbao tatu zinazoweza kushika kiasi hicho. Mbao zinainua maji tu, yapate kimo cha kuingia mfereji wa pembeni. Mfereji ndio unaofanya kazi yote. Mfereji ukizibwa na majani na matawi, maji yanajaa nyuma ya mbao, yanapita juu yake, na siku mbaya yanazing'oa. Hapo mnapokea kijito pamoja na dimbwi kwa mpigo mmoja, jambo ambalo kijito chenyewe, kingeachwa kilivyo, kisingewafanyia.

Sasa mvua. Mfereji umechimbwa kwa kijito cha siku ya kawaida. Kikiongezeka mara tatu, theluthi mbili zitakosa pa kwenda. Ndiyo maana mvua inawahusu zaidi mnapochepusha maji kuliko msipochepusha: mmeingia mkiamini kwamba pango ni kavu.

Kuchepusha kwenyewe si jambo geni wala la aibu. Kaskazini mwa Uingereza, Yorkshire, kuna shimo la wima linaloitwa Gaping Gill, ambako kijito kiitwacho Fell Beck kinaanguka karibu mita 98. Katika karne ya 19 John Birkbeck alichimba mfereji kukichepusha kijito hicho ili ateremke, akaishia kwenye ukingo katikati ya shimo. Mwaka 1895 Mfaransa Édouard-Alfred Martel akafika chini kwa ngazi za kamba. Mpaka leo vilabu viwili vya huko hufunga winchi pale, kimoja mwezi Mei na kingine Agosti, na kijito huchepushwa kwanza ili watu wateremshwe bila kumwagiwa. Angalia lakini ni akina nani wanaofanya hivyo: kuna watu juu mchana kutwa, wanayatazama maji na wanajua nani yuko chini. Si watu sita waliopanga mbao na kutoweka.

Na mfano wa Thailand mnaujua. Pango la Tham Luang, mwaka 2018. Wavulana 12 na kocha wao waliingia tarehe 23 Juni, maji yakawafungia. Sote tunawakumbuka wapiga mbizi. Wachache wanakumbuka kwamba huko juu mlimani wengine walikuwa wanatafuta mashimo yanayomeza maji ili wayazibe na kuyaelekeza vijito kwingine kwa mabomba, huku pampu zikivuta usiku na mchana. Maji yaliyovutwa yaliyafunika mashamba ya mpunga ya watu. Tarehe 10 Julai, wa mwisho wakiwa wametolewa, pampu kubwa ikazimika wakati bado kuna waokoaji ndani. Maji yakaanza kupanda papo hapo, wakatoka mbio. Walikuwa wameyavuta siku nyingi, na bado yalitaka kurudi kwa dakika.

Hapo langoni kwa Tham Luang kulikuwa na bango la kutahadharisha watu wasiingie msimu wa mafuriko, kuanzia Julai hadi Novemba. Wao waliingia wiki moja kabla. Ndiyo maana karatasi yako inayosema "ikiwa kuna mvua" ni bora kuliko bango la miezi, ingawa nayo ina upungufu: haisemi mvua ya wapi. Mkasome hivi: mvua mahali popote ambapo maji yake yanafika kwenye pango. Mdomoni pa pango jua linaweza kuwa linawaka huku wingu limekaa juu ya mlima ambao ndio chanzo. Muulizeni mwenye ardhi kijito kinatokea wapi, kisha tazameni utabiri wa huko, si wa mlipolala. Ulizeni pia ardhi imeshiba kiasi gani. Baada ya wiki ya mvua, manyunyu ya saa moja yanatosha, kwa kuwa ardhi haimezi tena. Na mwamba wa chokaa haufanyi kazi kama udongo, hauchuji maji polepole. Una mabomba yake ya asili.

Hukohuko Yorkshire, tarehe 24 Juni 1967, watu kumi waliingia pango la Mossdale. Wanne walitoka mapema. Mmoja wa hao wanne aliporudi mdomoni baadaye alikuta maji yamelifunika pango, akakimbia kuomba msaada. Waokoaji walihangaika kuchepusha kijito. Wale sita hawakutoka. Mnapopanga saa za safari, mjue kwamba maji hayangoji mkutano wenu uishe.

Dalili mtakazoziona mkiwa ndani: majani na vijiti vilivyonasa darini maana yake ni kwamba maji yaliwahi kufika pale. Ukikuta povu kwenye ukuta juu ya kichwa chako, hilo ni la juzi. Maji yakibadilika rangi, geuzeni. Yakianza kubeba vijiti, geuzeni. Kuna dalili moja ambayo watu huifurahia kimakosa: kijito kupungua ghafla. Maji hayapungui bure, huenda kuna kitu kimeziba huko juu na kinajaa. Mimi kila tukipumzika ninaweka kijiwe cheupe pale pale maji yanapoishia. Dakika kumi baadaye ninamulika taa. Kijiwe kikiwa kimezama, hatuketi tena kujadiliana.

Tuje kwenye ukuta wa mawe, ambao ndio utamu wa barua yako.

Kama nimekuelewa, kijito kinatoka mdomoni, kinafika kwenye kidimbwi chenye ukuta, kisha kinaingia mahali pa chini ambapo dari imeinama. Wanaotangulia wanafunga tundu la ukuta, wanachota maji ya pale chini na kuyamwaga nyuma ya ukuta, mpaka ipatikane nafasi ya kupitisha uso. Sasa pigeni hesabu kabla ya kupiga ndoo. Tuseme kidimbwi kina mita 3 kwa 2, na ukuta una nusu mita: lita 3,000. Tuseme mahali pa chini ni mita 4 kwa mita moja na nusu, na mnataka kushusha maji sentimita 30: lita 1,800, yaani ndoo 180 za lita kumi. Mkipokezana vizuri, ndoo moja kila sekunde 5, ni dakika 15.

Lakini kijito hakijasimama. Mbao za mdomoni huvuja, na njiani maji yanadondoka kutoka darini. Kingeni ndoo. Ikijaa kwa sekunde 5, mnapokea lita 2 kwa sekunde, na katika zile dakika 15 zitakuwa zimeingia lita 1,800 nyingine. Jumla 3,600, na kidimbwi ni cha 3,000. Mmeshindwa kabla hamjamaliza kuchota, rudini nyumbani. Ikijaa kwa sekunde 20, mnapokea nusu lita. Mkimaliza kuchota kidimbwi kitakuwa na lita 2,250, kimebaki na nafasi ya 750, ambayo ni dakika 25. Baada ya hapo ukuta unafurika, na mahali pa chini panaanza kujaa taratibu. Kwa nusu lita kwa sekunde, saa moja baadaye pamerudi kama pale mlipopakuta.

Hiyo ndiyo hesabu ya sita. Watu sita wanaopita mmoja mmoja kwa dakika 3 wamemaliza dakika 18. Tisa wanamaliza 27, na wa tisa anapita maji yameshaanza kupanda.

Na bado hapo ni kwenda tu. Kurudi nako? Mkizunguka huko ndani saa tatu, mtakuta pamejaa, na ndoo mmeiacha upande wa pili! Nimewaona watu wazima, tena wenye kamba za bei, wamesimama mbele ya maji wanatazamana kwa sababu hiyo. Ama mwacheni mtu na mwenzake kwenye kidimbwi waendelee kuchota, wakiwa wamevaa nguo za joto maana kukaa bila kusogea ndani ya pango kunaganda mifupa, ama msipite kabisa isipokuwa kila mmoja wenu anaweza kurudi pakiwa pamejaa. Kila mmoja. Msimhesabu yule hodari akawavuta wengine. Muulizeni aliye mwoga kuliko wote, tena muulizeni faragha, mbele za watu atasema anaweza.

Ndoo nayo, kama hamkumwacha mtu wa kuchota, ichukueni mwende nayo.

Kwa nini ukuta uachwe wazi? Mkiuacha umefungwa, kundi linalofuata litakuta kidimbwi kimejaa na halitakuwa na pa kumwaga maji. Mbaya zaidi, ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono hauna mkataba na mtu. Ukibomoka mwenyewe wakati kuna mtu amelala chali pale chini, lita 3,000 zitamfikia kabla hajamaliza kugeuza shingo. Kwa hiyo wa mwisho akishavuka kurudi upande wa mdomo, mhesabiane kwa sauti, kisha toeni mawe ya katikati polepole, kuanzia juu. Msiupige teke. Mateke nilishayamaliza mimi.

Ufunguo na saa 12: hilo sharti lipendeni. Mnalichukulia kama kero ya mwenye ardhi anayetaka kulala mapema, kumbe amewapa mtu wa kuwatafuta bure. Kubalianeni naye kwa maneno yanayoeleweka: saa 12 ufunguo haujarudi, anapiga simu kwa watatu wenu walio juu, saa 1 hakuna jibu, anawaita waokoaji. Ninyi jipangieni kutoka saa 10. Saa mbili katikati ni za kufungua ukuta, kuhesabu misumari, kutoa mbao, na kusafisha mfereji mlioutumia. Mbao zirudishwe zilipokuwa zinahifadhiwa, mahali palipoinuka. Ubao ulioachwa kando ya kijito utachukuliwa na mafuriko yajayo, nao utakwenda kukwama pale pale dari ilipoinama.

Jambo la mwisho kwako: muulizeni mwenye ardhi mfereji wa pembeni unapeleka maji wapi. Wakati mwingine yanaingia shimo jingine na kukutana nanyi chini, baada ya kona mbili. Hilo halimo kwenye karatasi yako, au kama limo hukuniandikia.

SWALI: Mama, pango tunalotaka kuingia lina popo, na tumeambiwa tusiingie na nguo tulizovaa katika pango jingine mpaka zioshwe kwa maji moto. Nguo zetu ni safi, tumezifua. Kweli kuna haja? — *Msomaji, mpenda usafi*

JIBU: Ipo. Mwaka 2006 huko jimbo la New York, Marekani, yalionekana kwa mara ya kwanza maradhi ya ukungu mweupe kwenye pua za popo. Ukungu huo unaishi mahali pa baridi, unawaamsha popo katika usingizi wao wa majira ya baridi, wanamaliza mafuta ya mwili na kufa. Wamekufa mamilioni. Popo huambukizana wenyewe, lakini mbegu zake hunata pia kwenye tope la viatu na kamba, na kufua kwa maji baridi hakuziui. Vinavyostahimili joto vizamisheni katika maji ya nyuzi 55 kwa dakika 20, baada ya kusugua tope lote. Kamba zenu someni kwanza maelezo ya mtengenezaji. Na kama mmeambiwa pango limefungwa kwa miezi fulani kwa ajili ya popo, usijaribu kubembeleza.

SWALI: Jumamosi tulipofika pangoni tulikuta lango liko wazi, kufuli linaning'inia. Tuliingia kwa ufunguo wetu wa ruhusa kama kawaida, na tulipotoka tukalifunga vizuri na kurudisha ufunguo. Mwenzetu mmoja anasema tulikosea, tungeliacha kama tulivyolikuta. Nani yuko sahihi? — *Kiongozi wa msafara*

JIBU: Lango la shamba huachwa kama lilivyokutwa. Lango la pango ni tofauti: lililo wazi linaweza kuwa limesahauliwa, na linaweza kuwa limeachwa na watu walio ndani ambao njia yao ya kutokea ni hiyo hiyo. Mlitakiwa mmpigie mwenye ufunguo kabla ya kuingia, mwite kwa sauti ndani, na mtazame pande zote za mdomo. Barua yako haisemi kama kulikuwa na viatu nje. Mpigie sasa hivi, usingoje toleo lijalo.